Jenga: Jina na Kazi Yake

Maneno ya Kiswahili yaliyokwenda kukaa katika lugha za mbali si mengi. Safari limekwenda, na kila alisemaye huko ugenini hujua walau kwamba lina habari ya kusafiri. Lipo jingine lililoingia katika nyumba za watu wengi bila ya maana yake kufuatana nalo, nalo ni kitenzi jenga. Limeandikwa juu ya masanduku, likawa jina la mchezo wa vipande vya mbao. Na wengi wa waliomo humo majumbani hawajui kwamba kila wakitajapo mchezo wao hutoa amri kwa lugha ya watu wengine.

Mchezo wa Jenga uliwekwa mbele ya umma mara ya kwanza katika maonyesho ya vitu vya kuchezea mjini London, Januari 1983. Aliyeutoa ni Leslie Scott, Mwingereza aliyezaliwa Tanganyika mwaka 1955, akakulia katika nchi za Afrika ya Mashariki akisema Kiingereza na Kiswahili. Mbao zilitoka kwingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 jamaa zake walikuwa Ghana, na vipande vyao vya kwanza vilipatikana katika kiwanda cha kupasulia mbao cha Takoradi. Vilikuwa vitu vya kuchezea watoto, na mchezo ukakua humo nyumbani kidogo kidogo. Basi mbao zake za kwanza ni za magharibi ya Afrika, jina lake ni la mashariki, na soko lake lilianzia Uingereza. Baadaye ulipopokewa na makampuni ya Canada na Marekani, ilitolewa rai kwamba jina libadilishwe, kwa kuwa mnunuzi hakulielewa. Mwenye mchezo akashikilia libaki. Mwaka 2009 alitoa kitabu kizima juu ya habari hizi. Yote hayo ni historia ya biashara, na haina haja ya kurefushwa hapa. Liulizwalo hapa ni kama jina linaustahili mchezo, na mchezo jina.

Swali hili si la mzaha. Msemaji wa Kiswahili auonaye mchezo huu kwa mara ya kwanza aghalabu hustaajabu. Huona watu wameuzunguka mnara, wakichomoa vipande vya chini mmoja baada ya mwenziwe, hata mnara mzima ukaporomoka juu ya meza; kisha huambiwa kwamba hilo ndilo jenga. Hudhani jina limetolewa na mtu asiyejua lugha. Walakini aliyelitoa aliijua, na kwa hiyo shutuma ya haraka haifai. Yapasa kwanza kuutazama mchezo wenyewe kama utazamwavyo utungo, yaani umbo lake, kanuni zake, na namna umalizikavyo.

Umbo lake ni dogo. Vipande ni 54. Kila kimoja kina urefu wa sentimeta 7.5, upana wa 2.5 na unene wa 1.5, ama karibu na vipimo hivyo. Vitatu vikilazwa ubavu kwa ubavu hufanya mraba, kwa sababu upana mara tatu ni sawa na urefu mmoja. Juu yake huwekwa vitatu vingine vilivyokingama vile vya chini, hata zitimie orofa 18. Mnara mzima ni sentimeta 27 tu, na sanduku lake huchukulika kwapani. Kisha kila mchezaji, kwa zamu, hutoa kipande kimoja kutoka orofa yoyote iliyo chini ya ile ya juu iliyotimia, kwa mkono mmoja, akakiweka kileleni. Hakuna dadu, hakuna karata, hakuna ubao, wala hesabu ya kuandikwa. Asiyejua kusoma hucheza na ajuaye.

Siri ya mchezo imo katika kasoro. Vipande havilingani sawasawa. Kimoja humzidi mwenziwe kwa unene usioonekana kwa jicho. Kwa hiyo uzito wa juu hauvielemei vyote kwa kadiri moja. Vilivyo vinene hubeba, na vilivyo vyembamba hukaa tu mahali pao kana kwamba vinabeba. Mchezaji hupapasa kwa ncha ya kidole akikitafuta kilicholegea, naye hawezi kutegemea aliyoyajua katika zamu iliyopita, maana kila kipande kitolewacho huuhamisha uzito, na kilichokuwa huru asubuhi ya mchezo huenda jioni yake kikawa ndicho nguzo ya wote. Kama vingekuwa sawa kabisa, kupapasa kusingekuwa na faida, na mchezo ungekuwa wa nguvu za vidole tu. Fundi seremala angeihesabu tofauti hiyo kuwa aibu ya kazi. Hapa ndiyo roho ya kazi.

Orofa nayo ina uchumi wake. Penye vipande vitatu, mtu akitoa cha kati huacha viwili vya kando, na orofa ile imefungwa, kwa kuwa kimoja cha kando hakiwezi kuubeba mnara peke yake. Lakini akitoa cha kando, huacha njia ya kutolewa cha kando ya pili, na mnara ukasimama juu ya kile cha kati kama mtu asimamaye kwa mguu mmoja. Atoaye cha kati, basi, ni mtu wa tahadhari aliyeipunguza akiba ya wote. Atoaye cha kando ameiongeza akiba na hatari pamoja. Jambo hili wachezaji wengi hawaliangalii, nao hucheza miaka mingi wakidhani kwamba mchezo ni wa kutotetemeka mkono tu.

Sasa jina. Kiswahili kina vitenzi vingi vilivyobeba kinyume chao katika shina lao: funga na fungua, ziba na zibua, tega na tegua, panga na pangua. Jenga halikai katika safu hiyo kwa raha, maana kinyume chake kisikikacho vinywani mwa watu ni bomoa, neno la ukoo mwingine. Tena bomoa ni tendo la kukusudia. Mtu hubomoa ukuta kwa sababu hautaki. Katika mchezo huu hakuna aukusudiaye mwisho wa mnara katika zamu yake; mnara haubomolewi, bali huporomoka, na tofauti ya vitenzi hivi viwili ndiyo tofauti ya kosa na msiba. Kwa hiyo wale wasemao kwamba mchezo ungefaa kuitwa Bomoa wameutazama mwisho wake, hawakuitazama zamu. Kanuni haihesabu zamu kuwa imetimia mpaka kipande kimewekwa juu. Kutoa ni nusu ya tendo. Kuweka ndiko kukamilika kwake. Katika hilo jina limesema kweli.

Wapo watakaojibu kwamba neno halisi la kazi hii ni pangua na panga, na hoja yao ina nguvu, kwa sababu vitu vilivyopangwa hupanguliwa, navyo vikapangwa upya. Ingekuwa ni sarufi tu, wangeshinda. Lakini ni vigumu kumwuzia mzazi sanduku la watoto lililoandikwa Panga ubavuni, na Mswahili aliye dukani angetazama mara mbili kabla ya kulifungua.

Yaangaliwe pia maumbo ya amri. Jenga ni amri ya mtu mmoja. Wengi huambiwa jengeni. Mchezo huu ni wa watu wawili na zaidi, na aliyezoea kuchagua viambishi kwa uangalifu angesema kwamba jina limepungukiwa. Hapa tena kanuni hulitetea jina. Kila zamu ni ya mtu mmoja na mkono wake mmoja, na wengine wote wamekatazwa kusaidia. Mezani wanakaa watu wanne, lakini mbele ya mnara husimama mmoja. Amri ya umoja ni sahihi, nayo inasikitisha kidogo, kwa sababu kazi ya kujenga katika desturi za pwani na za bara si kazi ya mtu mmoja. Siku ya kukandika nyumba ya udongo majirani huitwa, maji huchotwa na wengi, na chakula hupikwa kwa ajili ya wengi.

Linaloutia mchezo mbali na kitenzi chake ni jambo jingine, yaani mahali pa kupata vifaa. Mjenzi wa nyumba ya miti huanza na nguzo, akafunga fito, akakandika, akaezeka. Miti huitoa msituni, udongo shimoni, makuti shambani. Hakuna fundi ang'oaye nguzo ya chini akaifanya kombamoyo. Mwaka 1963 Tanganyika iliunda Jeshi la Kujenga Taifa, na katika miaka ile kujenga lilikuwa neno la jukwaani na la shuleni; maana yake ilikuwa ni kuongeza kisichokuwapo, shamba palipokuwa na pori, darasa palipokuwa na kivuli cha mwembe. Katika mchezo wa Jenga hakiongezwi hata kijiti. Vipande 54 vilivyoanza ndivyo vimalizavyo. Mnara hukua kwa kuukopa msingi wake, na deni halilipwi kamwe, maana kanuni hairuhusu kipande kurudishwa chini. Kiswahili kina methali isemayo kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Mchezaji wa Jenga huifanya kinyumenyume: hufungua ufa ili apate kujenga.

Kadiri ya deni hilo yaweza kuonyeshwa kwa hesabu. Robert Grebler, mmoja wa waliousambaza mchezo huu Marekani, alidai mwaka 1985 kuwa aliufikisha mnara orofa 40 zilizotimia na vipande viwili vya orofa ya 41. Ukiondoa viwili hivyo, hubaki vipande 52 vya kugawanywa katika orofa 40. Na ile ya 40, kwa kuwa haikuruhusiwa kuguswa, lazima iwe na vitatu vyake. Akaaye na kalamu ataona kwamba haiwezekani orofa hizo kusimama ila angalau 29 kati yake ziwe juu ya kipande kimoja kimoja. Mnara ulioanza na sentimeta 27 umezidi sentimeta 60 kwa mbao zile zile, na zaidi ya nusu ya mwili wake ni mashimo. Kama dai hilo ni kweli, basi kitenzi jenga kilipata siku ile ushahidi wake mkubwa, maana mtu hawezi kuutazama mnara wa namna hiyo akasema kwamba pamebomolewa kitu. Wala hawezi kusema kwamba ni nyumba.

Yafaa kuulinganisha na bao. Katika bao la Kiswahili kete 64 huchezwa katika mashimo 32, nazo hazitoki mchezoni hata mchezo uishe. Iliyotekwa hupandwa upya upande wa mtekaji. Katika jambo hili la kutopoteza kitu, Jenga na bao ni ndugu. Lakini bao lina pande mbili, na umaskini wa mmoja ndio utajiri wa mwenziwe. Mchezaji huujua upande wake na huulinda. Jenga haina upande. Mnara ni wa wote mpaka dakika ya kuanguka, na hapo ghafula huwa wa mtu mmoja.

Hapa ndipo penye uzito wa mchezo na penye dhambi yake. Kanuni yasema kwamba aliyeangusha ameshindwa, na mshindi ni yule wa mwisho kuweka kipande kabla yake. Wengine hawakushinda wala hawakushindwa. Tuseme wachezaji wanne wametoa vipande 30 baina yao, na mnara umebaki kiunzi. Mtu wa 31 agusapo kipande kilicho chepesi kuliko vyote vilivyotolewa, mnara ukamwangukia, yeye peke yake ndiye mwenye hatia. Bandu bandu huisha gogo, na gogo hili limebanduliwa na mikono minne, lakini hukumu imempata wa mwisho. Zaidi ya hayo, tuzo amepewa jirani yake, yaani yule aliyeuacha mnara katika hali mbaya kuliko wote. Mchezo haumtuzi ajengaye vizuri. Humtuza arithishaye vibaya, mradi awe ameondoa mkono wake kwa wakati.

Mhakiki mkali angesema kwamba hii ni kanuni dhalimu, na kweli ni dhalimu. Lakini ikiondolewa, mchezo hufa. Watu wamejaribu kuhesabu alama kwa kila kipande, ama kutoa adhabu kwa wote pamoja, na mara moja uzi wa hofu hukatika. Meza hurudi kuwa meza na mbao kuwa mbao. Dhuluma ya kanuni ndiyo imfanyayo kila mmoja atazame zamu ya mwenziwe kwa pumzi iliyozuiwa, kwa sababu kila zamu isiyokuangukia imekusogezea ile itakayokuangukia. Msomaji wa tamthilia ataijua hali hii. Mtu aangukaye jukwaani aghalabu hakuanza yeye yaliyomwangusha. Aliyakuta nyumbani kwao, akayagusa kwa mkono mmoja.

Ubaya wa kweli wa mchezo ni mwanzo wake. Zamu kumi za kwanza, mnara ukali imara, hazina habari. Kila mtu huchomoa cha kati bila ya kufikiri, na mazungumzo ya mezani huwa ya mambo mengine. Shairi la mizani 16 humshika msikilizaji tangu mshororo wa kwanza, kwa kuwa silabi moja ikipungua huchechemea papo hapo. Jenga hustahimili makosa kwa muda mrefu mno, kisha haistahimili hata moja.

Walakini kwa jamaa waliokaa pamoja nyumbani kasoro hiyo ina faida yake, maana humpa mtoto nafasi ya kuuzoea mnara kabla haujawa mkali. Michezo mingi ya nyumbani humlazimu mkubwa ajifanye mjinga ili mdogo apate kushinda, na watoto huigundua hila hiyo mapema. Hapa haihitajiki. Kidole kidogo huingia penye upenyo ambapo kidole cha baba hakiingii, na mkono wa miaka saba haujajifunza kutetemeka. Mnara haumjui mwenye nyumba. Babu naye, ambaye mkono wake umechoka, huweza kuuangusha katika zamu yake ya tatu, na mjukuu akamcheka bila ya kuvunja adabu, kwa kuwa utani wa babu na mjukuu ulikuwapo nyumbani kabla ya mbao hizi.

Lililobaki ni habari ya neno lenyewe huko lilikokwenda, nalo halipendezi. Kwa sheria, Jenga ni alama ya biashara iliyosajiliwa, mali ya Pokonobe Associates. Mwaka 2018 palikuwa na malalamiko mengi juu ya usajili wa Disney wa maneno hakuna matata, na wengi waliuliza kama lugha ya watu yaweza kuwa na mwenyewe. Hofu hiyo, kwa upande wa kitenzi hiki, si kubwa. Hakuna atakayemzuia fundi wa Tanga asijenge, wala mwalimu asimwambie mwanafunzi ajenge hoja yake. Alama ya biashara hushika jina la bidhaa, haishiki unyambulishaji.

Hasara iko katika maana. Waandishi wa Kiingereza wa siku hizi, wakitaka kueleza serikali iliyolegea, ama mpango wa fedha uliokaribia kuanguka, husema kwamba ni mnara wa Jenga. Msomaji wao huelewa mara moja: kipande kimoja kikitolewa, vyote vitaporomoka. Neno ambalo katika Kiswahili hutumika kwa nyumba, kwa mwili wenye afya, kwa urafiki, na kwa maneno ya mtu mwenye busara atofautishwaye na asemaye ya kubomoa, huko limekuwa mfano wa kitu kisichotegemeka. Kitenzi kilitoka Afrika ya Mashariki kikiwa na maana ya kusimamisha, kikapata ugenini maana ya kukaribia kuanguka. Kosa hili si la aliyelichagua. Yeye alilitaja tendo. Ulimwengu ulikumbuka kishindo. Na kishindo hicho kinarudi, kwa maana wapo watoto katika miji ya Afrika ya Mashariki waliolijua sanduku kabla ya kukisikia kitenzi kikitumiwa kwa uangalifu, nao husema "kucheza Jenga" kama jina la kigeni, wakaliandika kwa herufi kubwa hata pasipohusika mchezo.

Kwa hiyo hukumu juu ya jina haiwezi kuwa ya neno moja. Linasema kweli juu ya zamu, linasema kweli juu ya upweke wa mchezaji, na linanyamaza kabisa juu ya deni. Atakaye kuliona likisema kweli yote aangalie kabla mchezo haujaanza. Vipande vikiwa vimetawanyika mezani, mmoja wa jamaa huvikusanya, akavilaza vitatu vitatu, akavikingamisha, akaunyoosha mnara kwa viganja viwili hata orofa 18 zitimie. Wakati huo hutumia mikono yote, hakuna zamu, hakuna kukopa kutoka chini, na wenziwe wanaruhusiwa kumsaidia. Kanuni inamtambua mtu huyo, nayo imempa haki moja: aliyeujenga mnara ndiye wa kwanza kutoa kipande.